Historia ya Mkono Unaouma

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu, tulizungumza sana na wanachuo juu ya sauti ya mwalimu, mavazi ya mwalimu na mwenendo wa mwalimu. Juu ya mkono wa mwalimu hatukusema lolote, ila kwamba mwandiko wake uwe mzuri. Na mkono huo ndio uliofanya kazi kuliko viungo vingine vyote. Uliandika maandalio ya somo, ukajaza ubao kwa chaki, ukasahihisha madaftari, na jioni ukashika jembe katika shamba la shule, maana baada ya mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno matupu. Ulipofika mwaka 1977, mwaka wa Elimu ya Msingi kwa Wote, madarasa yalifurika na madaftari yakaongezeka. Walimu wengi wa rika langu wanajua maumivu ya kigasha, yale yanayoanzia upande wa nje wa kiwiko na kushuka kuelekea kifundo cha mkono, hata kikombe cha chai kikawa kizito.

Sasa nimevuka miaka sabini, na swali la mkono limenirudia kwa namna nyingine. Sitafuti tena mwandiko mzuri. Natafuta kufungua kifuniko cha chupa na kubeba ndoo yangu mwenyewe. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa historia, nimeshindwa kulitazama jambo hili bila kuuliza lilianzia wapi, na nani alilisemea kwanza. Historia yake, ndugu msomaji, ina mafunzo kuliko nilivyotarajia.

Kwanza tuelewane juu ya mwili wenyewe. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya kulia kama mpiga kinanda. Utasikia nyama ikitembea chini ya ngozi. Ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa inayovivuta imelala katika kigasha, na nguvu zake hupelekwa kwa kano ndefu zinazopita katika kifundo cha mkono, kama kamba za ndoo zipitavyo juu ya kapi la kisima. Hii ndiyo sababu kazi ya vidole huuma mbali na vidole.

Sasa kunja kifundo cha mkono kwa ndani kabisa, kisha jaribu kukaza ngumi. Utaona ngumi imelegea. Mkono hufumbata kwa nguvu pale tu kifundo kinapokuwa kimeinuka kidogo kwa nyuma, na kazi ya kukishikilia hapo ni ya misuli ya upande wa nje wa kigasha. Kwa hiyo kila unapokamata mpini, kalamu au mkoba, misuli ya ndani inafumbata na ile ya nje inafanya kazi kimya kimya. Aghalabu ni hii ya nje inayochoka kwanza na kulalamika pale kiwikoni inapojishikiza. Mwenye shida hiyo huona ajabu: mbona nafumba kiganja na panauma mgongoni mwa mkono? Jibu ni hilo.

Mtu wa kwanza kuyaeleza vizuri maumivu ya waandishi alikuwa tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa mwaka 1633 na kufariki mwaka 1714. Kitabu chake juu ya maradhi ya watu wa kazi kilichapishwa Modena mwaka 1700, na katika toleo la mwaka 1713 aliongeza sura juu ya makarani na waandishi. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa muda mrefu, mkono kurudia mwendo ule ule bila kupumzika, na akili kukazwa kwa hofu ya kukosea hesabu. Akasimulia habari za mwandishi mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikosa nguvu, akajifunza kuandika kwa kushoto, na baada ya muda wa kushoto nao ukapatwa na maradhi yale yale. Ramazzini ndiye aliyewashauri matabibu wamuulize mgonjwa jambo moja zaidi ya yale waliyozoea kuuliza: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita, na swali hilo bado husahauliwa katika zahanati nyingi.

Karne ya 19 ilileta makaratasi mengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Serikali, benki na makampuni ya Uingereza yalijaa makarani walionakili barua kutwa nzima, na kalamu ya unyoya ikaachia nafasi kalamu yenye nibu ya chuma. Mwaka 1830 Charles Bell aliandika juu ya watu ambao vidole vyao viligoma kuandika huku vikifanya kazi nyingine bila taabu. Mwaka 1864 daktari mpasuaji Samuel Solly alitoa mihadhara London juu ya hali hiyo hiyo, akaiita kupooza kwa waandishi. Kuna waliolaumu nibu ya chuma. Hata leo tukiona jambo jipya tunakimbilia kulaumu chombo, na pengine ni kweli kwa sehemu, lakini chombo hakijipangii saa za kazi.

Kisha ikaja telegrafu. Samuel Morse alituma ujumbe wake wa Washington hadi Baltimore mwaka 1844, na katika miaka michache maelfu ya vijana wakawa wanapata riziki kwa kubonyeza kibonyezo kimoja, nukta na mistari, kutwa kucha. Waya huo ulifika hata kwetu: kebo ya baharini iliunganisha Unguja na Aden mwaka 1879, na habari zilizokuwa zikisafiri kwa majuma zikafika siku ile ile. Lakini kila neno lilipita katika kifundo cha mkono wa mtu. Mwaka 1875 daktari Mfaransa Onimus alieleza maradhi ya wapiga telegrafu. Mkono ulikakamaa, herufi zikachanganyika, na mwenye kazi akasikia uchungu kutoka vidoleni hadi kwenye kigasha. Huko Marekani Horace Martin alitengeneza kibonyezo cha aina nyingine kilichosukumwa kwa upande badala ya kugongwa kwenda chini, na kilichopiga nukta chenyewe. Alipata hataza yake mwaka 1904. Wapiga telegrafu wengi walikipenda, kwa kuwa kiliupunguzia mkono mapigo.

Uingereza ilifanya jambo kubwa mwaka 1908: maradhi ya mkono wa wapiga telegrafu yaliingizwa katika orodha ya maradhi ya kazi yanayostahili fidia, chini ya sheria ya mwaka 1906. Lakini mara fedha zilipoguswa, mjadala ukageuka. Kamati iliyoundwa na Idara ya Posta ilitoa taarifa yake mwaka 1911, ikasema kwamba sababu ni mbili zikiungana: uchovu wa kurudiarudia kazi, na udhaifu wa neva za mtu mwenyewe. Mtaalamu wa lugha ataona ujanja uliojificha katika nusu ya pili ya sentensi hiyo. Mkono unaouma kwa sababu ya kazi ni jukumu la mwajiri. Mkono unaouma kwa sababu mtu ni dhaifu ni jukumu la mtu mwenyewe.

Hoja hiyo niliisikia kwa masikio yangu miaka mingi baadaye. Chuoni tulikuwa na karani mpiga chapa, mama mmoja hodari, aliyekata stensili za mitihani yote kwa taipureta ya mkono. Wasiowahi kuitumia hawajui. Kila herufi ilidai pigo, na kwa stensili pigo lilipaswa kuwa kali zaidi ili herufi itoboe nta. Majuma ya mitihani alipiga tangu saa moja na nusu asubuhi hadi jua kuzama. Alipoanza kuumwa vigasha na kuomba apunguziwe, mkubwa mmoja aliandika katika faili lake kwamba hana ari ya kazi. Sisi walimu tuliojua kupiga chapa tulipeana zamu tukamsaidia hadi mitihani ikaisha, lakini maneno yale yalibaki katika faili, na mama yule aliomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha. Hakujua kwamba makarani wa Ramazzini na wapiga telegrafu wa London walitangulia kupita njia hiyo. Laiti angejua, angalau asingejiona peke yake.

Miaka ya 1980 mambo yakajirudia Australia, wakati wapiga chapa na wafanyakazi wa kompyuta kwa maelfu walipolalamika maumivu ya mikono. Tena mahakamani na magazetini watu wakabishana: je, ni mwili, au ni mawazo? Maarifa ya leo yanatusaidia kutenganisha mambo yaliyokuwa yamechanganywa. Ule mkono unaogoma kuandika tu, huku ukiweza kukata kitunguu, ni tatizo la namna ubongo unavyoongoza misuli. Sheehy na Marsden walilieleza hivyo katika makala yao ya mwaka 1982. Maumivu ya kawaida ya kigasha, yanayotokana na kulima, kufua, kupiga chapa au kubeba, mara nyingi ni ya misuli na kano zilizopewa mzigo kuliko zilivyozoea. Yapo pia maumivu ya neva iliyobanwa kifundoni. Ni vitu vitatu mbalimbali, na dawa zake ni mbalimbali.

Hapo nimesema habari za maumivu. Nguvu za mkono nazo zina historia yake, na sehemu yake moja yatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1798 Mfaransa Edmé Régnier alitangaza chombo cha kupimia nguvu, dainamomita, chenye springi ya chuma ambayo mtu huibana kwa kiganja na mshale ukaonyesha kipimo. Mwaka 1800 chombo hicho kilipakiwa katika msafara wa Nicolas Baudin kwenda Australia. Kijana aliyeitwa François Péron aliwapima wenyeji wa huko na wa Timor, akawalinganisha na mabaharia na Wafaransa wengine, kisha akatangaza kwamba watu aliowaita washenzi wana nguvu haba kuliko watu wa Ulaya. Fikiri jambo hilo. Mtu anafikiwa ufukweni na wageni wenye bunduki, anapewa chuma asichowahi kukiona, anaambiwa akibane kwa ishara za mikono, na kipimo chake kinakuwa hukumu ya taifa lake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1884, Francis Galton alifungua chumba cha vipimo katika maonyesho ya afya ya London, akapima watu 9,337 waliolipa peni tatu kila mmoja, na nguvu za kufumbata zikiwa miongoni mwa vipimo. Galton naye alikuwa akitafuta njia ya kuwapanga binadamu kwa madaraja.

Nikisoma hayo naikumbuka mikono iliyojenga uchumi wetu. Mkonge uliingia mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 na ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba ya Tanga na kwingineko, na mwaka 1964 nchi ilizalisha kiasi cha tani 230,000. Kila jani lilikatwa kwa kisu mkononi mwa mtu, likakatwa mwiba wa ncha, yakafungwa thelathini thelathini, yakabebwa. Shuleni tuliwakaririsha watoto tani. Mikono ya manamba haikuwamo katika somo. Angekuwapo mtu wa kuwapelekea dainamomita, nadhani mshale ungepinda.

Chombo kile kile leo kinatumika kwa nia njema zaidi. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watu wapatao 140,000 katika nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika Kusini. Ilionekana kwamba kila nguvu ya kufumbata ilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa kwa sababu yoyote iliongezeka kwa asilimia 16 hivi. Tusikosee tafsiri. Haina maana kwamba ukibana mpira kila siku utaishi miaka mia. Kiganja ni dirisha tu. Mwenye misuli mizima mwilini, anayekula vizuri na kutembea, huonekana hivyo hata akishikana mikono na mtu. Lakini kwa mzee, nguvu za mkono zina thamani yake bila kuhesabu miaka: ndizo zinazomwezesha kushika reli ya ngazi asianguke.

Basi tufanyeje mkono unapouma? Historia ya tiba nayo ina fundisho. Maumivu ya nje ya kiwiko yalielezwa mwaka 1882 na daktari Henry Morris akiyahusisha na mchezo wa tenisi, na jina la tenisi likabaki, ingawa wengi wanaougua hawajashika raketi maishani. Kwa muda mrefu sindano ya kotisoni ilipendwa kwa sababu inatuliza upesi. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walilinganisha makundi matatu: waliochomwa sindano, waliofanyishwa mazoezi na tiba ya mikono, na walioachwa wasubiri wakipewa ushauri tu. Baada ya wiki 6 wa sindano walikuwa mbele. Baada ya mwaka mmoja walikuwa nyuma ya wote, maana wengi wao maumivu yaliwarudia. Haraka haraka haina baraka. Hapa si methali tu, ni matokeo ya utafiti.

Kosa jingine ni kuufunga mkono na kuuacha kabisa. Kano isiyofanya kazi hudhoofika, na siku ukirudi shambani inauma upya. Njia ya kati ndiyo iliyo bora: punguza kinachochokoza, usiache kutumia. Lima nusu ya tuta badala ya tuta zima. Andika robo saa, nyoosha vidole, kisha endelea. Nenepesha mpini mwembamba wa kisu au kalamu kwa kuuzungushia kitambaa, ili usilazimike kubana sana. Beba kitu huku kiganja kikitazama juu au ndani, maana kiganja kinachotazama chini huongeza mzigo kwa misuli ya nje.

Kisha ijenge nguvu kidogo kidogo. Mimi hutumia chupa ya maji ya nusu lita. Naweka kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini na mkono ukining'inia nje ya ukingo. Nainua chupa taratibu kwa kuhesabu hadi tatu, naishusha kwa kuhesabu hadi tatu. Mara kumi hadi kumi na tano, napumzika, narudia mara mbili, siku moja baada ya nyingine. Baada ya wiki kadhaa chupa ya nusu inakuwa chupa ya lita. Maumivu madogo wakati wa zoezi si neno, mradi yawe yametulia kufikia asubuhi. Yakizidi, punguza maji. Kwa kufumbata, nakamua taulo lililoloa, upande huu na upande ule. Kwa kufumbua, nachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nakivisha vidole vyote vitano na kuvitanua. Na mara moja kwa siku natembea na ndoo yenye maji kiasi katika kila mkono, kutoka bombani hadi mlangoni. Bibi zetu waliokamua tui, waliotwanga na kuteka maji hawakuhitaji somo hili, walihitaji kupumzika. Sisi wa viti na kalamu ndio wenye deni.

Tena pasiwe na papara. Mpiga kinanda Robert Schumann, akiwa kijana, alitaka vidole vyake vipate nguvu upesi, akatumia chombo cha kuvifunza. Kufikia mwaka 1832 kidole cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeharibika, na ndoto ya kupiga kinanda mbele ya watu ikaisha. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu hasa, lakini kijana yeyote anayedhani misuli huamrishwa na amfikirie Schumann. Haba na haba hujaza kibaba, na kano ni mwanafunzi mzito: haikatai kujifunza, inakataa kuharakishwa.

Yapo mambo yasiyongojea mazoezi. Ganzi ya usiku katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, pamoja na kuangusha vitu, yaelekea ni neva iliyobanwa, na inataka daktari mapema. Vivyo hivyo uvimbe wenye joto na wekundu, au maumivu baada ya kuanguka. Udhaifu wa ghafla wa mkono mmoja, au maumivu ya mkono yanayokuja na kubanwa kifua na jasho, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda si mkono unaougua bali ni ubongo au moyo.

Nimalizie na wale wenye madaraka, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu sasa ni wakuu wa shule na wa ofisi. Tangu Ramazzini hadi leo, mkono unaouma umepewa majina mengi: uvivu, woga, udhaifu wa neva, kukosa ari. Majina hayo hayakuponya hata mmoja. Kilichosaidia ni kibonyezo kilichobadilishwa, saa zilizopunguzwa, zamu zilizopeanwa, na mazoezi ya polepole. Mtumishi wako akikuambia kigasha kinamuuma, muulize swali la mwaka 1700 kabla ya kufungua faili lake: unafanya kazi gani, na kwa saa ngapi? Kisha keti umsikilize hadi amalize.